Dawa Inayofanana na Kinga Yetu

Niliuma ulimi nikiwa natafuna na kuzungumza kwa wakati mmoja, na kwa dakika kadhaa kinywa kizima kikajaa ladha ya damu. Nilipojitazama kwenye kioo niliona mchaniko wa kina, ambao kama ungekuwa mguuni ningeusafisha kwa dawa na kuufunga bandeji. Ulimi haufungwi bandeji. Nilisukutua kwa maji, nikalala, na kabla ya juma kwisha jeraha lilikuwa limeziba bila usaha na bila kovu.

Kilichobaki ni swali, nalo lilinifuata kwa wiki nyingi.

Kinywa cha mtu mwenye afya njema hukaliwa na mamia ya aina za bakteria, na katika kila mililita ya mate huwamo bakteria wanaohesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Jeraha la ulimi, kwa hiyo, huoshwa mchana na usiku kwa maji ambayo hakuna muuguzi angeyakubali karibu na kidonda chochote kingine. Jibu nililojifunza shuleni lilikuwa seli nyeupe za damu na kingamwili. Hata hivyo, kingamwili dhidi ya kimelea kigeni huchukua siku kadhaa kutengenezwa, na seli nyeupe huhitaji saa kadhaa kukusanyika kwa wingi mahali palipoumia, ilhali bakteria aliyepata mazingira mazuri anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Hesabu hiyo haikubaliani na ulimi uliopona. Lazima kuna kitu kilichokuwa pale kabla ya jeraha lenyewe.

## Waliotangulia kufika

Kitu hicho ni kundi la protini fupi sana zinazoitwa peptidi za kuua vimelea. Nyingi kati yake zina asidi amino (matofali ambayo kwayo protini hujengwa) 12 hadi 50 tu, na zimepatikana kwa mimea, wadudu, vyura, ndege na wanyama wanyonyeshao, jambo linaloonyesha kwamba zilikuwapo muda mrefu kabla ya kuwapo kwa kingamwili. Katika mate zimo histatini, ambazo humdhibiti fangasi wa Candida. Katika jasho imo demisidini, iliyoelezwa na watafiti wa Tübingen, Ujerumani, mwaka 2001. Seli za ngozi na za njia ya hewa hutoa defensini za aina ya beta, na chini kabisa ya mikunjo ya utumbo mwembamba zimo seli za Paneth, ambazo humwaga defensini za aina ya alfa mahali hasa ambapo seli changa za utumbo huzaliwa na kuhitaji ulinzi. Neutrofili, ambazo ndizo seli nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine zote katika damu, huja zikiwa zimekwisha kujaza mifuko yao defensini, kiasi kwamba peptidi hizo hufikia takriban asilimia 5 ya protini zote za seli hiyo.

Moja kati yake imenishughulisha kuliko nyingine. Inaitwa LL-37, kwa kuwa ina asidi amino 37 na huanza na mbili za aina ya leusini, ambayo alama yake ni L. Ni ya jamii ya peptidi ziitwazo kathelisidini, na binadamu ana jeni moja tu ya jamii hiyo, tofauti na ng'ombe na nguruwe ambao wana kadhaa.

Namna zinavyoua imenipendeza kwa urahisi wake. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi nyingi, na peptidi hizi zina chaji chanya. Basi huvutwa, hujipanga juu ya utando, na upande wake unaopenda mafuta huzama ndani hadi utando unatoboka au unavurugika. Upande wa nje wa utando wa seli zetu, kinyume chake, karibu hauna chaji na una kolesteroli inayouimarisha, hivyo peptidi hupita bila kushika sana. Baadhi ya defensini hufanya zaidi ya hapo: hunasa molekuli ambayo bakteria huitumia kujengea ukuta wake, na kazi ya ujenzi ikasimama.

## Watoto ambao fizi zao hazikupona

Ningeweza kuishia hapo na kuridhika, lakini maelezo ya maabara hayakutosha kunithibitishia kwamba peptidi hizi zina uzito wowote katika mwili wa mtu. Mwili una kinga nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Nani anajua kama moja ikiondolewa nyingine hazitaziba pengo?

Jibu lilitoka kwa wagonjwa wachache sana. Katikati ya karne ya 20 daktari wa Sweden, Rolf Kostmann, alieleza ugonjwa wa kurithi unaowafanya watoto wazaliwe wakiwa karibu hawana neutrofili kabisa, na wengi wao walikufa wangali wadogo kwa maambukizi. Baadaye ilipatikana dawa inayochochea uboho kutoa neutrofili, na idadi ya seli hizo ikapanda. Watoto waliishi. Hata hivyo fizi zao ziliendelea kuoza na meno kulegea, ingawa vipimo vya damu vilionyesha kwamba askari wao walikuwa wamerudi.

Mwaka 2002 kikundi cha watafiti wa Sweden, akiwamo Hans Boman, kilichunguza neutrofili hizo na kukuta kwamba hazikuwa na LL-37, na kwamba defensini zake zilikuwa zimepungua. Mgonjwa mmoja aliyekuwa amepandikizwa uboho alikuwa na LL-37 inayokaribia kiwango cha kawaida.

Niliisoma habari hiyo mara nyingi, kwa sababu ndiyo iliyonijibu. Seli zilikuwapo, zilihesabika, zilifika mahali pake, na bado kinywa hakikulindwa. Wagonjwa wachache hawathibitishi kila kitu, nalikubali hilo, lakini kwangu hapo ndipo peptidi hizi zilipoacha kuwa jambo la kuvutia tu na kuwa jambo la lazima.

## Chura na matumaini

Boman alikuwa ameanza safari hiyo zamani. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitangaza sekropini, peptidi walizozipata kwa kumdunga bakteria pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuota mabawa) wa nondo mkubwa wa Marekani Kaskazini na kuchunguza majimaji yake. Mdudu yule hana kingamwili hata moja, na bado alijitetea. Miaka minne baadaye kundi la Robert Lehrer huko California lilieleza defensini za neutrofili za binadamu. Kisha mwaka 1987 akaja Michael Zasloff, daktari na mtafiti katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani.

Zasloff aliwatumia vyura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, kwa ajili ya mayai yao. Aliwapasua, akatoa mayai, akawashona na kuwarudisha kwenye maji yaliyojaa uchafu na vijidudu, na majeraha yao yakapona bila kuvimba. Wengi walikwisha kuliona jambo hilo. Yeye aliuliza kwa nini. Katika ngozi ya vyura hao alikuta peptidi mbili zinazokaribiana, kila moja ikiwa na asidi amino 23, akaziita magainini.

Ninaielewa furaha iliyofuata. Antibiotiki nyingi hushambulia kimeng'enya kimoja au sehemu moja ya mtambo wa seli, na bakteria anaweza kuikwepa kwa badiliko dogo la jeni. Utando ni jambo jingine. Hoja ya Zasloff na wengine ilikuwa kwamba ili kuzishinda peptidi, bakteria hahitaji kubadilisha kitasa cha mlango, bali anahitaji kujenga upya ukuta wote wa nyumba anamoishi, na kwa hiyo usugu ungekuwa mgumu sana kutokea. Katika dunia ambamo, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, hoja hiyo inagusa moyo.

Kutokana na magainini ilitengenezwa dawa ya kupaka, peksiganani, iliyokusudiwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Katika majaribio ya kitabibu matokeo yake yalikaribiana na yale ya ofloksasini, antibiotiki ya kumeza. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuiidhinisha. Ilifufuliwa miaka mingi baadaye, na majaribio mapya ya mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba ilikuwa bora kuliko krimu isiyo na dawa.

Sababu za kushindwa kwa peptidi za namna hii zinajulikana na sitazirefusha. Vimeng'enya vya mwili huzikatakata haraka, chumvi na protini za damu hupunguza nguvu zake, kuzitengeneza ni ghali kuliko kutengeneza molekuli ndogo, na zikiingizwa katika damu kwa wingi huanza kudhuru seli za mgonjwa mwenyewe, hasa za figo. Zilizofanikiwa zaidi ni zile zilizotoka kwa bakteria wenyewe: gramisidini iliyogunduliwa na René Dubos mwaka 1939 na ambayo hutumika kwa kupaka tu, daptomaisini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, na kolistini, ambayo nitairudia kwa sababu ndiyo iliyonikosesha amani.

## Swali ambalo sikulitaka

Mwaka 2003 wanabiolojia wawili wa mageuzi, Graham Bell na Pierre-Henri Gouyon, waliandika onyo. Walisema, kwa muhtasari, kwamba ikiwa tutamwaga katika hospitali na mashamba dawa zinazofanana na peptidi zetu wenyewe, na bakteria wakajifunza kuzishinda, basi tutakuwa tumewafunza kuishinda kinga tuliyozaliwa nayo. Antibiotiki ya kawaida ikipoteza nguvu, tunapoteza dawa. Hapa tungepoteza dawa na sehemu ya mwili.

Msukumo wangu wa kwanza ulikuwa kulipinga. Kama usugu ungewezekana, bakteria wangekwisha kuupata zamani, kwa kuwa wamekutana na peptidi hizi kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Zasloff naye hakukubaliana na onyo hilo, lakini alifanya jambo ambalo ninalistahi sana: alikubali lipimwe, na akashiriki katika kipimo hicho. Gabriel Perron, Zasloff na Bell walichukua mistari 24 ya bakteria, yaani koo 24 zilizokuzwa kila moja peke yake, nusu ikiwa E. coli na nusu Pseudomonas fluorescens, wakaikuza kwa vizazi 600 hadi 700 huku wakiongeza peksiganani hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Mistari 22 kati ya 24 ilipata usugu.

Mwaka 2012 Michelle Habets na Michael Brockhurst walionyesha upande uliokuwa umebaki. Bakteria wa Staphylococcus aureus waliopata usugu dhidi ya peksiganani, peptidi yenye asili ya chura, walikuwa pia wamepunguza udhaifu wao mbele ya HNP-1, defensini ya neutrofili za binadamu.

Kuna mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya chupa za maabara. Nilisema hivyo mimi pia, mpaka nilipofika kwenye kolistini.

Kolistini ni peptidi yenye chaji chanya inayovuruga utando wa bakteria, na imetumika tangu miaka ya 1950. Madaktari waliiacha kwa sehemu kubwa kwa sababu ya madhara yake kwa figo, kisha wakairudia ikiwa tegemeo la mwisho pale ambapo dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Wakati huohuo ilikuwa ikitumiwa kwa wingi katika ufugaji. Novemba 2015 watafiti nchini China walitangaza kugundua jeni ya mcr-1 katika bakteria wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa: jeni inayobadilisha chaji ya utando wa nje ili kolistini isishike, na ambayo hukaa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Ndani ya miezi michache ilionekana katika nchi nyingi, na mwaka 2017 China ilipiga marufuku matumizi ya kolistini kama kichocheo cha ukuaji katika chakula cha mifugo.

Mwaka 2023 kundi la Craig MacLean wa Oxford lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba E. coli wenye mcr-1 hustahimili zaidi peptidi za kinga za binadamu, nguruwe na kuku, na pia hustahimili zaidi majimaji ya damu ya binadamu.

Onyo la mwaka 2003 lilikuwa limetimia, na halikutimia maabara. Lilitimia mabandani, kwa dawa ambayo wengi hatukuihesabu hata kidogo kuwa jamaa ya kinga yetu.

## Kwa nini basi mwili haushindwi?

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hoja yangu ya awali haikuwa imekufa kabisa. Bakteria wamejifunza kiasi, hilo ni kweli. Staphylococcus aureus ana jeni inayoambatisha lisini, asidi amino yenye chaji chanya, kwenye mafuta ya utando wake ili kupunguza chaji hasi, na nyingine inayofanya vivyo hivyo kwenye ukuta. Bakteria wengine hutoa vimeng'enya vinavyoikata LL-37. Lakini baada ya muda huo wote peptidi bado zinaua, na ulimi bado unapona.

Nimefikia kuamini kwamba siri haiko katika peptidi peke yake. Mwili hautoi peptidi moja, hutoa mchanganyiko wa nyingi ambazo hushambulia kwa njia tofauti na kusaidiana, pamoja na lisozaimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria, na vitu vingine, kiasi kwamba badiliko linalomwokoa bakteria dhidi ya moja humwacha wazi mbele ya nyingine. Huzitoa mahali padogo, kwa muda mfupi, kwa wingi pale zinapohitajika, kisha huzivunja. Seli za kinga hufika nyuma yake na kumaliza walionusurika, hivyo wachache waliobahatika kubadilika hawapati nafasi ya kuzaana. Dawa ya chupa hutoa peptidi moja, kwa kipimo kilekile, kwa siku nyingi, na mabaki yake huenda kwenye maji machafu na kwenye udongo, ambako hakuna neutrofili inayofuata.

Kwa maneno mengine, tulichukua molekuli na tukauacha utaratibu wake.

Utaratibu huo una upande mwingine ambao wapenzi wa peptidi huupitia haraka mno. Katika pumu ya ngozi, utafiti wa mwaka 2002 ulikuta LL-37 na defensini ya pili ya beta zikiwa pungufu, na ngozi hizo hujulikana kwa kuvamiwa na Staphylococcus aureus. Katika soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba, peptidi hizohizo huwa nyingi kupita kiasi, na ngozi hiyo huambukizwa kwa nadra. Lakini mwaka 2007 ilibainika kwamba LL-37 hujifunga na DNA inayotoka katika seli za mgonjwa zilizokufa, na kiambatano hicho huziamsha seli za kinga kana kwamba kuna virusi. Peptidi ileile, ikipungua mtu huambukizwa, ikizidi mtu huwashwa moto na kinga yake mwenyewe. Yeyote anayependekeza kuimimina kutoka nje kana kwamba ni maji safi hajaitazama soriasisi.

## Kuiamsha mahali pake

Njia inayonivutia zaidi sasa ni kuusaidia mwili kutoa peptidi zake wenyewe, mahali pake, zikiwa katika mchanganyiko wake.

Mwaka 2001 watafiti waliochunguza wagonjwa wa kuhara damu walikuta kwamba Shigella, bakteria anayeuleta ugonjwa huo, hupunguza utengenezaji wa LL-37 na defensini ya kwanza ya beta katika utando wa utumbo. Bakteria huyo hapambani na silaha, anaizima kabla haijatolewa. Miaka mitano baadaye kundi lililoongozwa na Rubhana Raqib liliwapa sungura wenye ugonjwa huo butireti, asidi fupi ya mafuta ambayo bakteria wema wa utumbo hutengeneza kutokana na nyuzinyuzi, na kathelisidini ya sungura hao ikarudi kwenye utando wa utumbo huku dalili zikipungua. Mwaka huohuo, 2006, ilionyeshwa pia kwamba makrofaji ya binadamu, yaani seli za kinga zinazomeza vimelea, yakimtambua bakteria wa kifua kikuu huhitaji vitamini D ya kutosha ili kuiwasha jeni ya kathelisidini. Panya hana kiwashio hicho katika jeni yake, kwa hiyo jambo hilo lisingeweza kugunduliwa kwa panya.

Nilitamani sana sehemu hii iishe vizuri, na haijaisha hivyo. Jaribio kubwa lililofanyika Mongolia na kuchapishwa mwaka 2020 liliwapa vitamini D au kidonge kisicho na dawa watoto zaidi ya 8,800, wengi wao wakiwa na upungufu wake, na vitamini hiyo haikupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Vitamini D pamoja na fenilibutireti, dawa iliyo jamaa ya butireti, zikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida ya kifua kikuu, zilileta matumaini nchini Bangladesh kwa kuharakisha makohozi kuwa safi. Jaribio la Ethiopia lililochapishwa mwaka 2018 liliona nafuu ya dalili lakini halikuona makohozi yakisafika mapema zaidi. Kuiwasha jeni si sawa na kumponya mgonjwa, na kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ya miaka mingi.

Hata hivyo ningependelea fedha ziende huko, na pia kwa peptidi zisizoua. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba defensini ya sita ya alfa, inayotoka katika seli za Paneth, haiui bakteria kwa nguvu kama wenzake. Molekuli zake hujiunga zenyewe na kuwa nyavu nyembamba zinazowazingira bakteria na kuwazuia kuugusa utando wa utumbo. Bakteria asiyeuawa hana shinikizo kubwa la kubadilika. Sijaona sababu ya wazo hilo kubaki nyuma ya foleni.

Foleni yenyewe inarefuka. Programu za kompyuta sasa huchambua protini zote za binadamu na kuchagua vipande vinavyoweza kuua bakteria, na baadhi ya vipande hivyo vimekwisha kutengenezwa na kupimwa kwa panya. Kwa kila kimoja huulizwa kama kinaua, kama kinadhuru seli nyekundu za damu, na kama kinadumu katika damu. Ningeongeza swali la nne, na ningeliweka la kwanza, kwa sababu gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya jaribio lolote la wagonjwa: bakteria wakuzwe pamoja na dawa hiyo kwa vizazi mia kadhaa, kisha wale waliobaki hai wapimwe mbele ya LL-37, mbele ya HNP-1 na mbele ya damu ya mtu mwenye afya, na matokeo yachapishwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaipokea.